Tunamzimia Kidosho

Sikio lilisoma matokeo kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha msahihishaji, chai mkononi, na nikasikia kabisa mahali lilipokosea.

"Wananchi wa Litunda na kanda yote ya ziwa," lilisema, "kwa uzito mkubwa wa mazungumzo yao, wanataka kinu cha nyuklia cha Litunda, kinachojulikana mitaani kama Kidosho, kizimwe."

Mkurugenzi Yona Chidumizi alipiga meza kwa furaha hadi vijiko vikaruka. Kijana wa Dodoma huyu, msomi, mpole, amekuja kwetu juzijuzi tu. Wizara yake ilikuwa inataka kukizima kinu kile miaka na miaka, ila iliwaogopa watu. Maana mtu wa Litunda umtukane mama yake, mtayamaliza. Mguse Kidosho, atakuvaa mwilini. Leo hao hao eti wanataka azimwe!

"Nilijua watazinduka," Chidumizi alisema. "Sikio halidanganyi."

Halidanganyi, hilo nakubali. Ila kuna siku halielewi. Siku hizi mambo makubwa kama haya hatuyapigii kura. Tunaongea tu, sokoni, kwenye simu, kilabuni, msibani, na Sikio linatusikiliza, linayatupa majina yetu, linabaki na maneno na kuyapima uzito. Lakini lililelewa kwa Kiswahili cha magazeti, cha mahakama na cha mahubiri. Ndiyo maana kila kanda ina msahihishaji, mtu wa kuliambia kwamba hapa watu wakisema hivi wana maana ile. Wa kanda ya ziwa ni mimi, Eusebia Hyera.

Kwenye kioo mbele yangu palikuwa na neno lililobeba uzito kuliko yote: tunamzimia. Tunamzimia Kidosho. Sisi huku tunamzimia Kidosho kufa.

Mama yangu wee! Kwetu kumzimia mtu ni kumpenda hadi akili zinakuruka. Lilikuwa neno la vijana zamani, Dar wakalitupa walipopata mapya, kwetu likabaki na kuzeeka pamoja nasi. Bibi anamzimia mjukuu. Padri anaizimia timu yake. Sikio lilipofungua kamusi yake likakuta kuzimia ni kupoteza fahamu, likaona mji mzima hauwezi kupoteza fahamu kwa ajili ya kinu, likarudi kwenye kuzima, na hapo likaridhika. Watu wanatangaza mapenzi, lenyewe linaandika hukumu ya kifo.

"Dada Eusebia," Chidumizi aliniuliza, kama sheria inavyomtaka aulize, "msahihishaji ana neno?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, limevaa na viatu.

"Sina," nikasema.

"Basi tusubiri kesho jua lizame. Pasipokuwa na usahihisho, matokeo yanakuwa amri." Akanipa mkono, na mimi nikaupokea.

*

Kwa nini? Wivu. Sina sababu ya kuzungukazunguka. Nilikuwa na wivu, na hata ninavyosimulia hapa bado unanikaba.

Kidosho ana kiuno. Mnara wake wa kupozea maji umebana katikati ukafunguka juu na chini, na wanawake waliobeba zege wakati wa ujenzi ndio waliompa jina hilo. Mimi kiuno changu kiliondoka nilipomzaa Teofrida na hakikuaga. Lakini kiuno ningemsamehe. Nisichomsamehe ni sauti.

Mitambo ya sasa inaongea. Kidosho analijua joto lake, msukumo wake, maji yake, na likitokea jambo humwambia mkuu wa kinu moja kwa moja kwenye kidude anachovaa sikioni. Mkuu huyo ni mhandisi Bosko Kapinga, mume wangu wa ndoa, aliyeniapia kanisani mbele ya Mungu na ukoo mzima wa Kimatengo. Kidude hakivui. Mezani anacho, kitandani anacho. Tunakula, mara tonge linasimama hewani, uso unamlainika.

"Enhe, mama," anasema, na si mimi anayeniambia. "Una joto? Pole. Ngoja nikuongezee maji."

Pole! Mimi nilipovunjika mguu kwenye ngazi za parokia aliniambia, "Mama Teo, ulikuwa unaangalia wapi?"

Na siku ya kipaimara cha Teofrida, askofu ameshampaka mtoto mafuta, tumejipanga kupiga picha, Bosko akagusa sikio lake na kutoka mbio na suti yake mpya. Picha iko ukutani: mimi, mtoto, askofu, na pengo. Mji wote ulimsifu kwa sababu umeme haukukatika hata kidogo. Wiki nzima nilipopita sokoni wananipigia makofi. "Shemeji, una mume wewe!" Ninaye wapi? Wao ndio walikuwa naye. Mimi nilikuwa na nguo zake za kufua.

Kwa hiyo nilipomwambia Chidumizi kwamba sina neno, sikuwa nafikiria taka za urani wala vizazi vijavyo. Njiani kurudi nyumbani nilijitahidi kuvifikiria, ili roho itulie. Nikajisemea kwamba bonde letu hili hutikisika, kwamba bwawa la taka linajaa, kwamba Wizara ina wataalamu. Nikajitia nawahurumia wajukuu, na sina hata mjukuu mmoja.

Pale kwenye mashine za kukoboa kahawa mama mmoja akaniita kwa nguvu kushinda ngurumo za mashine. "Mama Teo! Kidosho wetu ameamkaje leo?"

"Mzima," nikamjibu.

"Sie tunamzimia!"

Nikaongeza mwendo.

*

Kesho yake mchana Bosko alikuja kula nyumbani, jambo ambalo si kawaida yake. Habari zilikuwa zimeshatoka redioni. Nilimwekea ugali na samaki, akanawa, akakaa, halafu akauangalia ugali kama mtu aliyesahau unaliwaje.

"Wamemkataa, Mama Teo," akasema. "Watu wale wale wanaonisimamisha njiani kunisalimia. Niliwakosea nini?"

Machozi yakamtoka. Sijamwona Bosko analia tangu msiba wa mama yake. Mke mwema angemwonea huruma. Mimi nilikuwa najiuliza: hivi nikifa mimi, huyu atalia hivi? Au ataniuliza nilikuwa naangalia wapi?

"Basi, baba," nikamshika bega. "Ndiyo dunia. Na wewe umechoka. Sasa utapumzika, utakuwa nyumbani."

"Nyumbani?" Aliniangalia kama nimesema jambo la kitoto. "Mama Teo, kinu hakizimwi kama taa. Ukizima moto wa kuni, jivu linapoa hadi asubuhi. Jivu la Kidosho ni zile fimbo za urani, na zile zikishazimwa zinaendelea kuchemka zenyewe. Usipozipa maji siku moja tu, zinayeyuka. Zinatakiwa kupozwa miaka kabla hata ya kuzihamisha. Halafu ndipo unaanza kubomoa, bomba kwa bomba, na kila bomba lina sumu yake."

"Si wako vijana?"

"Vijana wanajua kumwendesha. Kumfungua tumbo atafungua aliyemwasha. Michoro ya zamani haifanani tena na mabomba yalivyo; tulibadilisha mengi, na mengi yako kichwani mwangu. Asubuhi Wizara wamenipigia. Nahamia ndani ya uzio mpaka fimbo ya mwisho itoke."

"Mpaka lini?"

"Mimi huo mwisho sitauona."

Nilikaa chini. Loo, Eusebia! Nilidhani nimemwondoa mke mwenza, kumbe nimemfanya mgonjwa wa kulazwa, na mume wangu ndiye muuguzi. Sasa nani atashindana na mgonjwa? Mtu mzima unaweza kumsema, ukamnunia, ukamtupia maneno. Mgonjwa hasemwi.

"Na kama asingezimwa?" nikauliza.

Bosko akatabasamu kwa uchungu. "Akiwa anawaka hata yule binti Luoga, msaidizi wangu, anamweza, tena vizuri. Nilishakubaliana naye. Krismasi hii nilikuwa namkabidhi funguo. Nilitaka nikushtukize. Turudi Umatengo, kwenye shamba la baba, tufukue tena yale mashimo ya ngoro ya kuhifadhi maji mlimani, tupande maharage na mahindi, tuzeeke. Nilishamwambia hadi Kidosho."

"Ulimwambia Kidosho kabla yangu?"

Ndiyo, hilo ndilo nililolishika kwanza. Mniwie radhi, ndivyo nilivyo. Lakini miguu yangu ilikuwa na akili kuliko mdomo. Ilishasimama na inatafuta viatu.

"Unakwenda wapi? Hujala."

"Ofisini," nikasema. "Kuna neno nimelisahau."

*

Chidumizi alinisikiliza hadi mwisho. Nilimweleza maana ya kumzimia mtu, nikamweleza na bibi na mjukuu. Uso wake ulipauka kidogo kidogo. Nilipomaliza aliinuka akafunga mlango.

"Jana ulisema huna neno."

"Leo ninalo."

"Nani mwingine anajua?"

"Kijana wangu, neno lenyewe analijua kila mwenye meno katika mji huu. Wanabishana huko sokoni ni nani waliotaka azimwe, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Ila hawajui ni mapenzi yao wenyewe yaliyowaponza."

Alikaa pembeni ya meza. Hakunikemea, na afadhali angenikemea. "Dada Eusebia, nisikilize kama mdogo wako. Bwawa la taka linajaa, hilo si siri. Ardhi ya hapa inacheza. Kinu kimezeeka, na kila mwaka tunakiongezea mwaka. Watu wanapenda umeme wa bei nafuu, na mimi siwalaumu, lakini siku lile bwawa likipasuka hawataniuliza walisema nini. Watauliza kwa nini nilikubali. Mara moja hii kosa limeangukia upande wa usalama. Liache lipite. Jua likizama, kwisha."

Hoja ilinigusa, siwezi kukataa. Huenda yuko sahihi. Mimi si mtu wa urani, na ule mnara ukitikisika, nyumba yangu iko chini yake.

"Kama una hoja hiyo," nikamwambia, "nenda kasimame pale kwenye mashine za kahawa uwaambie kwa kinywa chako. Waambie kuhusu bwawa. Wabishane, watukanane, na wakikubali, mzimeni. Lakini usiwaibie ulimi wao ukawafungia nao."

Maneno mazuri hayo, sivyo? Hata Chidumizi aliinamisha kichwa. Mimi nikiyasema nilikuwa naona shamba la Umatengo na Bosko ameshika jembe, masikio yake yote mawili yako wazi.

"Na jana?" akauliza polepole. "Jana hukuliona neno hili?"

"Nilipitiwa."

Aliniangalia sana. Halafu akafungua mlango na kuniachia njia, maana sheria haimruhusu mkurugenzi kumzuia msahihishaji, na Chidumizi, hata umseme vipi, ni mtu wa sheria.

Usahihisho haufanywi kwa siri. Unasimama mbele ya Sikio, unaongea, na kila redio ya kanda inarusha. Tena hutoi maana tu. Sikio linataka mfano wa kweli kutoka maisha ya msemaji, kisha linaipima sauti yako kama linavyopima za wengine. Ukidanganya, linakataa.

"Neno?" likauliza.

"Kuzimia. Kumzimia mtu."

"Maana?"

"Kumpenda sana. Kupita kiasi."

"Toa mfano wa kweli."

Ningeweza kumtaja binti yangu, ikaisha kwa heshima. Lakini kinywa kilikuwa kimeshajaa jina jingine. "Mimi, Eusebia Hyera, namzimia Bosko Kapinga, mume wangu."

Sikio likaipima. "Sauti ina mapenzi. Ina pia hasira."

"Ndivyo anavyozimiwa mtu wa namna ile."

"Je, unataka Bosko Kapinga azimwe?"

Nyuma yangu makarani waliangua kicheko, na nadhani kanda nzima nayo iliangua. "Hapana!" nikapiga kelele. "Nani kasema azimwe? Namtaka hivyo hivyo anavyowaka, ila awake nyumbani kwangu!"

"Imeeleweka," likasema Sikio.

Likaanza kupima upya. Kwenye kioo mstari ulioinama upande mmoja tangu jana ulitetemeka, ukainuka, ukalala wote upande wa pili. Wananchi wa Litunda wanataka kinu chao kibaki. Nje nilisikia vigelegele vya kwanza kabla sijashika mlango, na Chidumizi alikuwa dirishani, mikono mfukoni, ameuelekea mnara.

*

Jioni ile Bosko alirudi mapema anacheka peke yake njiani kama kijana aliyekubaliwa posa yake. Alikuwa amekitoa kile kidude sikioni. Naapa, amekitoa mwenyewe, kiko mfuko wa shati.

"Mama Teo! Umenimaliza leo. Kazini hapakaliki. Nikipita korido, 'Bosi, shemeji anakuzimia!' Luoga amecheka hadi amelia. Hata wakati wa uchumba hukuwahi kuniambia maneno kama yale."

"Hukuniuliza," nikasema, na uso umenipata moto, mimi mtu mzima na mvi zangu.

Alinishika mkono. Alinishika mkono pale jikoni bila sababu yoyote, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini, akaniambia Krismasi ni Umatengo, tena afadhali tutangulie mapema tukasafishe nyumba. Nilikuwa nimeshinda. Wallahi siapi ovyo, lakini kwa dakika zile nilikuwa nimeshinda, na yule mwenye kiuno alikuwa amesimama nje huko peke yake.

Bosko akaenda kunawa. Alikuwa anapaka sabuni, halafu mikono ikasimama.

"Mama Teo. Lile neno si unalijua tangu utoto?"

"Nani asiyelijua?"

"Na matokeo yalisomwa jana. Mbele yako."

"Nilipitiwa, Baba Teo. Maneno mengi, kichwa kimoja."

"Wewe? Wewe unayenisahihisha hata nikisali?" Hakucheka. Maji yalikuwa yanamwagika bure na hakuyafunga. "Mchana nilikuja hapa, nikakwambia nahamia ndani ya uzio. Nikakwambia na habari za Krismasi. Ukavaa viatu ukaondoka."

"Watu wamepata haki yao. Si ndilo la maana?"

"Sijawauliza watu, nakuuliza wewe. Kama nisingekuja kula mchana, ungesahihisha?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kulia, machozi yalikuwa karibu. Lakini nilishasimama mbele ya Sikio mchana huo nikasema kweli mbele ya kanda nzima, na mwanamume huyu amekuja nyumbani anacheka kwa sababu ya ile kweli. Sikuweza kumpa uongo juu yake.

"Hapana," nikasema. "Ningewaacha wamzime."

Bosko akafunga bomba. Akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, na aliposema sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo.

"Mwenzio Kidosho akiwa na kasoro hupiga kengele," akasema. "Najua niende wapi na nishike nini. Wewe siku mbili umekaa na mimi, umenipakulia, umenishika bega nalia, na hakuna kilicholia."

"Baba Teo, ulikuwa hunioni. Miaka yote hii, ungenionaje?"

"Huenda," akasema. "Hilo nalo ni kweli."

Nikamuuliza, "Na Umatengo?"

"Tutaona."

Nikapasha samaki wa mchana, nikampakulia, nikamvutia kiti. Alikula chakula chote, hakubakiza kitu, lakini alikula amesimama.